Kumpa Mkwe Mgongo

Kigoma hii, ukitaka kufundishwa namna ya kusimama mbele ya mpira wa gofu, mtu wa kumuuliza ni mimi. Wako waliosoma, wako waliocheza kwenye viwanja vya nyasi laini huko Arusha na Dar es Salaam kabla ya kuhamishiwa huku, lakini wote hao wanacheza kwenye shamba langu, na mashimo yake sita nimeyachimba kwa pesa zangu, mengine kwa mikono yangu. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa pale Katonga, nikaja kuwa na mtumbwi mmoja, ikawa mitatu yenye injini, kisha duka la vifaa vya ujenzi, kisha malori. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue kwamba anayeandika si mtu wa kuogopa ogopa, maana nitakayoeleza ni siku niliyoogopa, na kilichonitisha kilikuwa kitu kidogo mno: kumpa mtu mgongo.

Gofu niliijulia kwa daktari mmoja wa upasuaji aliyehamishiwa hapa kutoka Arusha. Alikuja dukani kutafuta fyekeo, tukaongea, akaniuliza kama namfahamu mtu mwenye eneo wazi ampe ruhusa ya kupiga mipira yake jioni, kwani ufukweni ilikuwa inamwishia ziwani. Nikamwambia ninalo shamba nyuma ya Ujiji, lina kilima upande mmoja na michikichi bondeni, na halijalimwa. Nikaenda naye siku ileile. Akatoa mpira mweupe mfukoni, akautua kwenye nyasi, akasimama. Alisimama muda mrefu kama mtu anayesali, halafu akapiga, na mpira ukapotea juu ya michikichi. Nikasema, lete hiyo fimbo na mimi nijaribu.

Nilipiga udongo. Nikapiga tena, nikapiga hewa. Mikono hii iliyobeba gunia moja kila bega kutoka majini hadi juu ya lori ikawa haina maana yoyote. Dokta akacheka, akasema, "Tajiri, mikono yako haina tatizo. Tatizo umesimama kama uko kwenye mtumbwi."

Tajiri ndivyo tunavyoitwa tunaomiliki mitumbwi huku ufukweni. Na alisema kweli. Mtu aliyekulia majini anasimama na miguu imeachana sana, magoti yamekunjwa, makalio chini kama anataka kukaa, na uzito wote uko kwenye visigino, ili wimbi likija asirushwe nje. Miaka ishirini nilisimama hivyo. Hata kanisani nasimama hivyo, mke wangu ameniambia. Kwenye gofu ukisimama hivyo fimbo inashuka kabla ya kufika, na unachimba shimo la kupandia mgomba.

Basi nikaanza kujifunza kusimama upya, mtu mzima mwenye malori. Watu wengi wanadhani gofu ni kupiga. Siyo. Mpira unaamuliwa kabla fimbo haijainuka. Ukishika chuma cha saba, fimbo ya kati, miguu iachane sawa na upana wa mabega, mpira uwe katikati, na uzito uwe katikati ya nyayo, wala si kisiginoni wala si vidoleni. Unakunja nyonga, hukunji kiuno. Mgongo unyooke, makalio yatoke nyuma, mikono ining'inie yenyewe. Ukichukua ile fimbo ndefu ya kuanzia, unapanua miguu zaidi, mpira unausogeza mbele mpaka usawa wa kisigino cha kushoto, na bega la kulia unaliacha lishuke kidogo. Ukiwa karibu na shimo na unataka mpira uruke kidogo tu kisha ubiringike, unaileta miguu karibu, uzito unauweka mguu wa kushoto, mikono inautangulia mpira. Kwenye shimo la mchanga unazika nyayo mpaka uusikie mchanga mgumu wa chini, halafu mpira wenyewe huugusi, unaupiga mchanga ulio nyuma yake.

Nilijizoeza dukani nyuma ya mifuko ya saruji. Nilijizoeza chumbani mbele ya kioo cha kabati, mke wangu akicheka mpaka anaketi kitandani, akisema kama ndivyo mnavyosimama huko mbele za madaktari basi serikali ina kazi. Baada ya mwaka mmoja nikaanza kumfunga dokta mara moja moja. Baada ya miwili, akinifunga yeye ndiyo habari.

Lakini shamba langu si tambarare, na hapo ndipo nilipowazidi wote. Kwenye mteremko, mpira unaweza kukaa juu kuliko miguu yako, au chini. Ukikaa juu, unasimama wima zaidi na fimbo unaishika kwa chini, uifupishe. Ukikaa chini, hapo wasomi wote wanaangamia. Inabidi upanue miguu, ukunje magoti sana, ukae kama uko juu ya kigoda, makalio nje kabisa, uzito kwenye visigino, na ubaki hapohapo chini mpaka mpira uondoke, usiinuke. Dokta aliponionyesha nikamwambia, huu si mkao wa mtumbwi? Akasema ndiyo, tajiri, hapa simama kimtumbwi. Nikapiga mipira mitano, yote mitano ikaenda nilikotaka. Kosa nililokatazwa sehemu nyingine zote, hapo lilikuwa ndiyo haki yenyewe. Baadaye wachezaji wote wakaanza kuuita mpigo wangu.

Wakaja wengine. Hakimu, meneja wa benki, mainjinia, wote watu wa mikoa mingine walioletwa na kazi na hawana pa kwenda Jumamosi. Nikanunua mashine ya kukatia nyasi. Kuzunguka mashimo, kwa kuwa nyasi laini hapa hazikubali, nikamwaga mchanga wa ziwani nikauchanganya na oili chafu ya injini za mitumbwi yangu ili usipeperuke, na mpira ukawa unabiringika vizuri tu. Wakanichagua mwenyekiti. Mtu mwenye shahada tatu ananiuliza mimi, "Mwenyekiti, hapa miguu niiweke vipi?" na mimi namsogeza mguu wake kwa ncha ya kiatu changu.

Sasa, kila nilipoyaona hayo, kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka ayaone. Si baba yangu, alishakufa. Ni baba mkwe wangu.

Huyu alikuwa mwalimu. Alifundisha kijijini Simbo, na baadaye Kidahwe mpaka alipostaafu akarudi kwake Simbo kulima mihogo na maharage. Binti yake nilimjua nikiwa napeleka dagaa huko kwa baiskeli. Sikuwa na kitu, nanuka samaki, na kwa mwalimu yule nilijua nitafukuzwa kabla sijashusha mguu kwenye baiskeli. Kwa hiyo sikwenda. Siku moja binti alipanda nyuma ya baiskeli, na tulipofika Katonga tukawa mume na mke. Nilipopata, nilituma watu na mahari, zaidi ya iliyotajwa. Nikatuma ng'ombe. Nyumba yake ilipoanza kuvuja nikatuma mabati, akaenda kuezekea ofisi ya kijiji, nyumba yake akaiacha na nyasi. Nikatuma saruji, akaitoa kwa mtu mwingine. Kila nilichotuma alikipokea kwa shukrani mbele ya walioleta, na hakikulala kwake hata siku moja.

Na kwangu hajawahi kula. Miaka ishirini na kitu. Alikuwa anakuja, mke wangu alipojifungua alikuja, alipougua alikuja, lakini anakaa barazani, amebeba njugu zake za kuchemsha kwenye mfuko na maji yake kwenye chupa. Nikitoka ndani namwamkia, "Shikamoo baba," anajibu, "Marahaba." Basi. Salamu ya Kiha ni ndefu, watu wanashikana mikono wanaulizana mpaka habari za mbuzi, lakini yangu na yake ilikuwa hayo maneno mawili. Akishaondoka, mke wangu anakaa jikoni na sufuria alizopika bila kula. Mwanamke amejenga nyumba ya vyumba sita, na baba yake hajaonja chumvi yake. Hilo ndilo lililokuwa linamla, na kwa kuwa linamla yeye lilinila na mimi, ingawa sikuwahi kumwambia.

Tulipoandaa mashindano yetu ya kwanza, kombe nilinunua mwenyewe, mke wangu alikwenda Simbo. Sijui alimwambia nini baba yake. Alirudi akiwa na uso nisioujua, akavua viatu, akasema, akimwita baba yake kwa Kiha, "Data amekubali. Atakuja kukuona ukicheza. Na mchezo ukiisha atakuja kula." Kisha akaingia ndani akaanza kutoa sahani za wageni kabatini, zikiwa bado wiki mbili.

Siku yenyewe aliamka saa kumi alfajiri. Alikuwa na samaki, migebuka mikubwa aliyoifuata Katonga mwenyewe, akaikaanga kwa mawese, akasonga ugali wa muhogo, maharage, kuku, na wali kwa ajili ya heshima tu maana mzee hapendi wali. Mimi nilikwenda uwanjani mapema kupanga viti. Hema nililiweka juu ya kilima, upande wa ziwani penye upepo, pembeni mwa njia ya shimo la sita, ili wageni waone mwisho wa mchezo vizuri na jua liwe nyuma yao. Kiti cha mzee nilikichagua mimi, chenye mto, nikakiweka mbele kabisa, nje kidogo ya hema, mahali ambapo hakuna kitakachomziba. Nilipanga kwa akili zangu zote.

Akaja amevaa koti lake la ualimu, shati limefungwa mpaka kooni. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikampeleka kwenye kiti. Dokta, ambaye ana adabu kwa wazee, alikuja akamwamkia, akachuchumaa kando yake akamweleza mchezo unavyokwenda, na mzee akawa anauliza maswali, namwona kwa mbali. Alikuwa anauliza kama mwanafunzi. Moyo wangu ulichangamka.

Mchezo ukaniendea vizuri. Mashimo matano tuliyacheza bondeni, mbali na hema, na tulipofika la sita tulikuwa mimi na dokta tumelingana, wengine wote wameshaachwa. Hakimu alikuwa ameshindwa nasi tangu shimo la pili, akawa anatufuata kwa nyuma akinitania kwamba leo mwenyekiti anacheza kama amelipa refa. Nikamwambia refa ni mimi mwenyewe. Dokta akapiga wa kwanza, mzuri, ukakaa katikati. Mimi nikachukua fimbo ndefu, miguu imepanuka, mpira mbele, bega limeshuka, nikaupiga mrefu kuliko wake. Ukatua kilimani, ukaruka mara mbili, ukasimama.

Nilipoufikia nikaona ulipokaa. Ulikuwa kwenye mteremko unaoshuka kuelekea michikichi, hatua kumi tu chini ya hema. Mpira uko chini ya miguu yangu. Mpigo wangu. Kama ningeambiwa nichague mahali pa kuuweka kwa mkono ili nishinde kombe, ningeuweka hapo. Hakimu akasema kwa sauti, "Hapa dokta rudi nyumbani tu, mwenyewe kafika kwake," na watu hemani wakacheka.

Nikaipima njia ya shimo. Nikaweka fimbo nyuma ya mpira, nikaanza kupanua miguu. Na hapo ndipo nilipohisi, kama mtu anayehisi joto la moto nyuma yake, kwamba baba mkwe wangu ameketi nyuma yangu. Siyo upande, siyo pembeni. Nyuma, juu kidogo, mbele kabisa, mahali nilipomweka mwenyewe ili asizibwe na kitu. Na mkao ambao mpira ule ulikuwa unautaka ni wa kukunja magoti na kumsogezea makalio mtu huyo usoni, mbele ya mahakimu na mameneja, na kubaki hivyohivyo mpaka nipige.

Anayesoma na si mtu wa kwetu anaweza kucheka. Acheke. Mkwe kwetu unampisha njiani, unakaa chini yake, unapunguza sauti. Huthubutu kuonekana mbele yake umeinama. Na huyu si mkwe wa kawaida, huyu ni mtu aliyenisubirisha miaka ishirini na kitu, amekuja leo kwa mara ya kwanza, na chakula kiko mezani. Nikasema moyoni, nimwombe asogee? Nani anamwinua mkwe kwenye kiti? Nimwambie dokta amwambie? Dokta alikuwa ng'ambo ya mteremko kwenye mpira wake. Watu wote kimya wakisubiri. Nikaacha ule mkao. Nikageuza miguu, nikasimama nusu upande, mwili umeelekea shimo, miguu karibu karibu, magoti yamenyooka, kama mtu anayefagia uwanja. Nilijua ninachofanya. Nataka hilo lieleweke. Hakuna mtu Kigoma aliyejua kuliko mimi kwamba mpira hauwezi kupigika hivyo.

Ukagusa kisigino cha fimbo, ukatoka kulia, ukashuka bonde lote, ukaingia kwenye michikichi. Hemani mtu mmoja alisema "aah" kisha akajizuia. Dokta alimaliza kwa mipigo miwili. Nikampa mkono, nikampa kombe nililolinunua, nikapiga makofi. Aliniangalia kwa macho ya kidaktari, akanong'ona akaniuliza kama mgongo unauma. Nikasema hapana.

Mzee nilimpandisha kwenye gari langu, kiti cha mbele, tukaondoka wawili tu kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeshindwa, ndiyo, lakini niseme ukweli, nilikuwa na furaha ya chinichini. Nilijiambia ameona. Mwalimu ana akili, ameona nimeacha kombe kwa ajili ya heshima yake. Tukaupita msikiti, tukalipita soko, naye anaangalia mbele. Kisha akasema:

"Ule mpira wa mwisho. Daktari alinieleza kwamba ukikaa pale, hapa hakuna anayekuzidi."

Nikasema ndiyo, baba.

"Mbona ulisimama vile?"

Nikamwambia, na nililisema kwa kifua kabisa, "Nisingeweza kukupa mgongo, baba."

Akasema, "Mimi nimewapa watu mgongo miaka thelathini na minne. Naandika ubaoni, wakaguzi wameketi nyuma ya darasa, mgongo wangu uko kwao. Kazi ikikutaka ugeuke, unageuka."

Nikasema wakaguzi siyo mkwe.

"Ndiyo. Kwa mkwe unaongeza neno. Kwenye basi mtu akikaa mbele yako anasema, samahani nakupa mgongo. Unamjibu, bila samahani, yamekwisha, safari inaendelea. Watu wasiojuana. Ungegeuka tu ukasema, baba, samahani. Ningekujibu." Akaongeza, "Ningefurahi kukujibu."

Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Binti yangu uliondoka naye hukuniambia neno. Nikasema ni kijana, ana aibu, atakuja. Ukatuma watu. Nikasema watu ni desturi, yeye atakuja baadaye. Ukatuma ng'ombe, ukatuma mabati. Mabati hayaongei. Leo nimekuja mimi, nimekaa hatua kumi kutoka kwako, na ukaona heri uharibu kazi yako mbele ya watu kuliko kufungua mdomo unisemeshe."

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba nilikuwa nanuka samaki. Kwamba yeye alikuwa na koti na chaki na mimi nilikuwa sijui hata kuandika barua ya posa. Kwamba mwalimu kazi yake ni kumfundisha asiyejua, na yeye alinijua sijui, akakaa kimya miaka yote hiyo akisahihisha kosa langu kwa wino mwekundu moyoni mwake bila kunirudishia daftari nilione. Haya nayaandika sasa. Siku ile nilisema, "Tumefika, baba."

Mke wangu alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya. Mzee akashuka, akamshika mikono miwili, wakasalimiana kwa Kiha salamu nzima, ndefu, na mimi nimesimama na funguo za gari. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie nadhani, maana Kiha nakijua pia lakini alitaka maneno yawe kama ya ofisini: "Mwanangu umepika, nitakula. Nilikosea kukuadhibu wewe. Lakini na huyu sitakula leo. Siku atakapokuja Simbo, yeye kwa miguu yake, akaniambia alichotakiwa kuniambia, nitakula naye."

Mke wangu akaniangalia. Nilidhani atasema kitu. Akasema tu, polepole, "Baba watoto, naomba utupishe kidogo."

Nikakaa kwenye gari langu, kwenye uwanja wangu, nje ya nyumba yangu. Dirisha la chumba cha kulia lilikuwa wazi. Nilisikia maji ya kunawa yakimiminwa, nikasikia mzee anasifu migebuka, nikasikia mke wangu anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia, cha msichana. Walikula muda mrefu. Alipotoka nilimrudisha Simbo, akashuka akasema ahsante kwa usafiri.

Toka siku ile anakuja kula kwangu. Anakuja Jumatano na Jumamosi, saa saba hivi, kwa bodaboda. Anakuja siku hizo kwa sababu ndizo siku niko uwanjani. Hakuna aliyepanga hivyo kwa maneno. Mara ya kwanza nilirudi nikakuta sahani ya wageni imeoshwa imeinamishwa, mke wangu anaimba, nikaelewa. Zamani nilikuwa nacheza Jumamosi tu. Nikaanza kucheza na Jumatano, apate siku ya pili.

Simbo siyo mbali. Nimefika njia panda mara tatu. Mara moja nilifika mpaka nikaiona ile ofisi ya kijiji yenye mabati yangu, ikiwaka juani, na hasira ikanipanda upya, nikasema yeye ndiye mzee, yeye ndiye msomi, neno moja angeweza kulianza yeye. Nikageuza gari. Mwingine atasema ni kiburi. Labda. Mimi ninachojua ni kwamba mtu aliyejitengeneza mwenyewe hana pa kujifunzia kuomba, kwa sababu kila alichokipata alikipata kwa kutoomba. Nimejifunza kusimama kwa kila namna ya mpira, juu ya mguu, chini ya mguu, mchangani, kwenye oili. Mbele ya mzee mmoja wa Simbo mwenye koti kuukuu sijui mguu wa kwanza niuweke wapi, na hapo dokta hawezi kunisaidia.

Watu wanasema mchezo wangu umepanda sana. Wanasema mwenyekiti siku hizi hatoki uwanjani. Jumamosi iliyopita mvua ilianza saa saba, ikawa kubwa, hakimu na wengine wakakimbilia magari yao wakaondoka, wakanipigia honi. Mimi nikaingia kwenye kibanda cha mashine ya nyasi, nikakaa juu ya dumu la oili. Mvua ilikatika saa tisa. Nyasi zilikuwa zimejaa maji, hakuna mpira ungeweza kwenda popote. Nilikaa hapo mpaka saa kumi na moja, simu iko mkononi, kwa sababu mke wangu alikuwa bado hajanipigia kuniambia baba yake ameondoka.